Gego la Utoto Limetoboka, Tungoje Ling'oke?

Maswali ya wasomaji kuhusu meno ya watoto

SWALI: Mwanangu ana miaka 5. Gego lake moja la chini limetoboka, na akinywa kitu cha baridi hulia. Baba yake anasema meno ya utoto hung'oka yenyewe, kwa hiyo kuyaziba ni kutupa fedha. Tungoje?
Mama wa watoto watatu

JIBU: Msingoje, mama. Kung'oka litang'oka, ila si karibuni. Meno ya mbele ya utoto huanza kulegea mtoto akifika miaka 6 hivi, lakini magego hubaki kinywani hadi miaka 9 na kuendelea, na lile la nyuma kabisa mara nyingi hadi miaka 10 au 12. Huyo bado ana miaka kadhaa ya kulitafunia gego hilo, na tundu halitamsubiri. Gamba gumu la nje la jino la utoto ni jembamba kuliko la jino la kudumu, na kiini chenye neva na mishipa ya damu huchukua nafasi kubwa ndani yake. Njia ya uozo kutoka juu hadi kwenye neva ni fupi, ndiyo maana tundu la mtoto huenda mbio kuliko la mtu mzima.

Sikilizeni maumivu yenyewe. Yakija kwa kitu cha baridi au kitamu na kutoweka mara moja, neva bado ni nzima na jino linazibika kwa ziara moja. Yakianza kumwamsha usiku, au kuja bila yeye kula chochote, neva imeanza kufa. Kisha huja kimya kinachowafurahisha wazazi wengi: mtoto haumwi tena! Mara nyingi kimya hicho maana yake neva imekwisha kufa, na baada ya muda mtaona kipele chenye usaha kwenye ufizi kando ya gego. Katikati ya mizizi ya gego hilo limelala chipukizi la jino la kudumu. Usaha ukikaa hapo muda mrefu, jino hilo la kudumu linaweza kuja kuchomoza na doa la kahawia au gamba lenye mashimo.

Na kung'oa mapema nako kuna hasara yake. Gego la kudumu linalotoka kwenye miaka 6 huinamia mbele na kuziba pengo, kisha jino lililotakiwa kuota pale hukosa njia, likatokea pembeni au likakwama ndani. Ikibidi kung'oa, muulizeni daktari wa meno kama mtoto anahitaji kifaa cha kushikilia nafasi, yaani waya mdogo unaofungwa kwenye jino la jirani. Neva ikiwa imeguswa juu tu, daktari anaweza kuondoa sehemu ya juu ya kiini na kulivika gego kofia ya chuma. Kwa mtoto anayeogopa mashine ipo dawa ya maji yenye madini ya fedha na floraidi, madini yanayokinga meno yasioze. Hupakwa kwa brashi ndogo bila sindano, nayo huwa inasimamisha uozo, ila sehemu iliyooza hubaki nyeusi kama mkaa. Weusi huo usiwatishe, ni kazi ya dawa.

Kwa maumivu ya leo mpeni parasetamoli kwa uzito wake: miligramu 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Aspirini mtoto hapewi, wala isipondwe na kuwekwa juu ya ufizi, maana huunguza nyama. Shavu likivimba na homa ikapanda, au akishindwa kufungua kinywa au kumeza, hilo ni la hospitali siku ileile.

SWALI: Nimeona dawa za meno za watoto na za wakubwa. Ipi ni sahihi, na ya kiasi gani? Binti yangu ana miaka 3 na hupenda kuimeza.
Baba wa mmoja

JIBU: Picha ya kwenye pakiti haina maana, geuza boksi utafute kiwango cha floraidi. Chini ya ppm 1000 (yaani sehemu 1000 za floraidi katika kila sehemu milioni za dawa) kinga ni ndogo, na baadhi ya dawa zilizochorwa wanyama ziko huko chini. Kati ya 1000 na 1500 inafaa, hata kama boksi ni la wakubwa. Kinachobadilika kwa umri ni kiasi. Tangu jino la kwanza hadi kabla ya miaka 3 ni mpako mdogo wa ukubwa wa punje ya mchele. Kuanzia miaka 3 ni punje moja ya njegere. Ule mkunjo wa dawa unaofunika mswaki mzima katika matangazo unamfaa muuzaji tu.

Kiasi kina sababu. Meno yake ya kudumu ya mbele yanaendelea kujengwa ndani ya taya, na floraidi nyingi ikimezwa kila siku huyaachia madoa meupe, na ikizidi sana ya kahawia. Punje ya njegere haifikishi hapo, kwa hiyo punguza kiasi, usiiache floraidi. Mfundishe kutema. Akishatema, asisukutue kwa maji, kwani maji huiondoa floraidi kabla haijafanya kazi.

Wewe mwenyewe ndiye wa kupiga mswaki, si yeye. Mkono wa mtoto haufiki kona zote mpaka miaka 7 au 8. Simama nyuma yake, kichwa chake kiegemee tumboni kwako, kidole chako kinyanyue mdomo. Lenga nyuzi za mswaki pale jino linapokutana na ufizi, kwa mshazari, uzisogeze kwa miondoko mifupi. Anza na upande wa ndani wa magego ya chini, sehemu inayosahauliwa kuliko zote, na umalizie meno ya mbele, ambayo hayana shida kuyafikia. Dakika 2, asubuhi na usiku. Siku mkichoka mkataka kuruka mmoja, rukeni wa asubuhi: mtoto akilala mate hupungua sana, na mate ndiyo yanayosafisha asidi. Baada ya mswaki wa usiku ni maji tu.

SWALI: Mjukuu wangu wa mwaka mmoja na nusu hulala na chupa ya maziwa. Meno ya juu ya mbele yameanza kuwa na mistari myeupe karibu na ufizi. Ni uchafu?
Bibi mlezi

JIBU: Futa kwa kitambaa kikavu, bibi. Uchafu utatoka. Mstari usiotoka, mweupe usiong'aa kama chaki, ni gamba lililopoteza madini, hatua ya kwanza kabisa ya kuoza. Heri umeliona sasa, kwani hapo bado hakuna tundu na linaweza kurudi kuwa gumu. Likigeuka kahawia na kuwa laini, nafasi hiyo imepita.

Huanzia meno ya juu ya mbele kwa sababu maziwa hutuama hapo mtoto akisinzia, ilhali ya chini hufunikwa na ulimi na kuogeshwa na mate. Chupa ya usiku iondoke, lakini si kwa vita: kila baada ya siku 2 punguza maziwa na ongeza maji, na ndani ya wiki mbili hivi atakuwa analala na maji matupu. Mchana atumie kikombe. Kisha mpeleke akapakwe floraidi nzito ya hospitalini, inayorudiwa mara 2 hadi 4 kwa mwaka. Na zile dawa za kikohozi zenye sukari apewe kabla ya mswaki, kamwe si baada yake.

SWALI: Pipi ngapi kwa siku ni salama?

JIBU: Hesabu mara, usihesabu pipi. Kila sukari inapoingia, bakteria hutengeneza asidi, na kinywa huchukua kama nusu saa kutulia. Pipi 5 zilizoliwa pamoja baada ya chakula ni shambulio moja, na pipi 5 zilizogawanywa kutwa ni mashambulio matano. Juisi inayonywewa kidogo kidogo ni mbaya zaidi ya zote mbili.

SWALI: Mtoto wa miaka 9 akianguka jino zima likatoka, tufanye nini?

JIBU: Kwa umri huo jino la mbele karibu daima ni la kudumu, na linaokolewa kwa dakika. Lishikeni sehemu nyeupe, msiguse mzizi. Kama limechafuka, lisuuzeni sekunde chache kwa maziwa au maji baridi, bila sabuni wala kusugua, maana juu ya mzizi kuna seli hai ambazo ndizo zitakazolishika tena. Lirudisheni tunduni, upande wa mbele ukitazama mbele, na mtoto alishikilie kwa kuuma kitambaa safi. Mkishindwa, litieni kwenye maziwa, si maji wala karatasi kavu. Fikeni kwa daktari ndani ya nusu saa mkiweza, kwani zikipita dakika 60 likiwa kavu, seli hizo zimekufa.

Jino la utoto halirudishwi, msije mkaumiza chipukizi lililo chini yake.

SWALI: Meno mapya ya chini yanatokea nyuma ya ya zamani, safu mbili. Yang'olewe?

JIBU: Kwa miaka 6 au 7 ni jambo la kawaida. Mwambie mtoto alitikise jino la zamani kwa ulimi kila siku. Likitoka, ulimi wenyewe utalisukuma jipya mbele. Ikipita miezi 2 au 3 na la zamani bado halijalegea hata kidogo, hapo ndipo daktari aling'oe.