Jibu: Keke ya mkono ya kutobolea barafu, inchi 6 au 8?
Salaam mkuu. Unauliza uchukue keke ya inchi 6 au 8 (ndio upana wa tundu inalotoboa) kabla hujapanda ndege kwenda Ufini kuvua samaki chini ya barafu ya ziwa. Kwanza usijisumbue kuzunguka Kariakoo, nunua hukohuko. Chukua ya 6. Mimi nilipokuwa kule nilijitia ubabe na ya 8. Tundu la tatu tu mikono ikagoma, na samaki wenyewe saizi ya kiganja!

Kabla hujalipa kagua visu: viwe vikali, visiwe na mapengo, na vya kubadilishia vipatikane. Kisu butu kinateleza tu juu ya barafu, utazungusha mpaka jasho likutoke kwenye baridi ile. Ukimaliza, vifunike. Vilishanichania glovu. Barafu isiyofika sentimita 10 usiikanyage. Keke za mota sijawahi kuzishika.