Maswali na Majibu: Boliti ya Krenki Inapogoma

Shikamoo fundi. Ninabebea mkaa kwa baiskeli ya Phoenix. Kotapini ya krenki ya kushoto, yaani pini inayoushika mkono wa pedali kwenye ekseli, imegoma. Nimeigonga sana kwa nyundo, sasa ncha yenye hesi imepinda na nati hairudi wala haitoki. Je, krenki ndiyo imekwisha? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba. Krenki haijaisha. Kilichokushinda si ugumu wa pini, bali krenki iliyokuwa ikining'inia wakati unaigonga: isipoegemezwa, hunesa kwa kila pigo, na nguvu ya nyundo huishia kwenye goroli na vikombe vyake badala ya kuifikia pini. Tafuta kipande cha bomba la chuma chenye tundu pana kuliko kichwa cha pini, ukikate kwa urefu wa kutoka sakafuni hadi chini ya krenki, kisha uilaze krenki juu yake ili pini ikitoka ishukie ndani ya bomba. Pigo hupita moja kwa moja hadi sakafuni na goroli zinasalimika.

Usiku wa kuamkia kazi hiyo, tia mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili kidogo kwenye ncha zote mbili za pini, ukirudia mara kwa mara. Asubuhi, kata ile ncha iliyopinda kwa msumeno wa chuma mpaka ilingane na uso wa krenki. Weka kibonyeo cha chuma kinene na kifupi juu yake, kisha piga kutoka upande uliokuwa na nati kuelekea upande wa kichwa, kwa maana pini ina ubapa uliochongwa kama kabari na haitoki kwa njia nyingine. Pigo moja zito la nyundo ya kilo 1 lina faida kuliko mapigo ishirini ya nyundo ndogo, ambayo huvimbisha ncha tu na kuizidishia pini mkazo. Ikikataa kabisa, itoboe katikati kwa keekee na biti ya milimita 5 au 6, kwani pini iliyo tupu ndani hupoteza nguvu ya kung'ang'ania.

Unapokwenda dukani, chukua pini ya zamani uilinganishe. Baiskeli nyingi za aina yako hutumia pini ya milimita 9.5, lakini ipo pia ya milimita 9, ambayo huingia kwa urahisi wa kudanganya na kulegea baada ya siku chache. Pini mpya ikazwe kwa nyundo, krenki ikiwa imeegemezwa vilevile, ndipo nati ifuate, kwa sababu kazi ya nati ni kuizuia pini isirudi nyuma. Wengi huivuta pini kwa kukaza nati, na hapo ndipo hesi zinapokatika.

Fundi, salamu. Nina baiskeli ya mtumba ya gia. Tundu la pembe sita kwenye boliti ya krenki limekuwa duara na alenki (ufunguo wa pembe sita) ya milimita 8 inazunguka bure. Jirani ananishauri nilichome. (Msomaji, Nairobi)

Mshukuru jirani, lakini moto uache kwanza. Boliti yako ni ya chuma na imejifunga ndani ya ekseli ya chuma, kwa hiyo joto la kiasi halitaachanisha hesi, ilhali krenki ya alumini inayoizunguka ndiyo itakayoharibika.

Anza kwa kulisafisha tundu kwa msumari mwembamba mpaka uone chuma kitupu chini kabisa. Alenki nyingi huharibu boliti kwa sababu ya udongo uliojaa ndani, ambao huizuia isizame zaidi ya nusu ya kina chake. Tundu likiwa safi, jaribu alenki mpya ya 8, ya chuma kigumu, uizamishe kwa nyundo. Ikiteleza tena, tafuta biti ya nyota namba T50, ambayo ni nene kidogo kuliko upana wa tundu lako, uigonge mpaka ijichimbie njia yake. Mapigo hayo yana faida ya pili, kwani mtikisiko wake huipasua kutu iliyoziba hesi.

Kabla ya kuvuta, rudisha cheni kwenye sproketi kubwa ya mbele ili meno yake yasikuchane vidole, na umwombe mtu aizuie krenki. Panga mpini wa spana uwe karibu sambamba na krenki, kisha uvibane viwili hivyo pamoja kwa viganja vyote viwili. Nguvu yako hubaki kati ya krenki na spana, na baiskeli haitorokei pembeni. Boliti za krenki za aina hii hufunguka kinyume cha saa pande zote mbili.

Wenye boliti ya kichwa cha nje cha milimita 14 wana shida yao, kwa kuwa kichwa kimezama ndani ya krenki, mahali ambapo tupa haifiki wala spana malaya haiingii. Kinachofaa ni soketi ya kuta nyembamba yenye pembe sita, si kumi na mbili, na kichwa kikiwa kimelika, soketi ya 13 igongwe juu yake kwa nguvu. Tindo isiguse humo ndani. Hesi zilizo kwenye kuta za tundu hilo ndizo zitakazoshikwa na pulea, kifaa kinachoisukuma ekseli ili krenki itoke, na ukizikwaruza umeondoa tatizo moja na kuleta lingine lenye gharama zaidi.

Njia ya mwisho ni keekee. Piga alama katikati kabisa, anza na biti ya milimita 3, kisha 5, kisha 8.5, kwa mwendo wa pole na oili, mpaka kichwa kiachane na shina. Mvutano ukishaisha, shina hulegea, na krenki ikitoka unaweza kulishika kwa koleo.

Boliti imetoka, krenki haitoki. Nilifunga pulea, nayo ikang'oka na hesi za krenki. (Msomaji, Unguja)

Chungulia kwanza ndani. Mara nyingi washa ya boliti imebaki humo, nayo pulea huisukuma washa badala ya ekseli, mpaka hesi zinasalimu amri. Sababu nyingine ni pulea iliyofungwa nusu, ilhali hesi zake za milimita 22 zinatakiwa kuingia zote kabla hujagusa mkono wa kusukuma.

Kwenu kuna pia chumvi ya bahari, inayoharakisha ulikaji kati ya alumini na chuma. Hapa joto lina kazi, kwa kuwa alumini hutanuka takriban mara mbili ya chuma. Mimina maji yanayochemka juu ya krenki, kisha uivute mara moja kwa pulea ya miguu miwili ya mafundi wa magari, miguu ikishika nyuma ya krenki. Moto wa gesi sishauri, maana alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi bila kuwa nyekundu kwanza, na macho hayatakuonya.

Wapo wanaoiendesha baiskeli bila boliti mpaka krenki ijilegeze yenyewe. Inafanya kazi, lakini iwe uwanjani na kwa mwendo wa mtu anayetembea, kamwe isiwe barabarani. Krenki ya namna hii mimi huikata kwa msumeno kuzunguka jicho lake, nikisimama kabla ya kuigusa ekseli, kisha huipanua kwa tindo. Imeshapoteza hesi zake, kwa hiyo hakuna cha kuokoa, na goroli hazipigwi nyundo kwa nyuma.

Je, pedali nazo zinafunguka kinyume cha saa? (Msomaji, Kisumu)

Ya kulia ndiyo. Ya kushoto hufunguka kwa mwelekeo wa saa. Ukisahau, simamisha spana ielekee juu, kisha uivute kuelekea gurudumu la nyuma. Kanuni hiyo ni sahihi kwa pande zote mbili.

Nikifunga boliti mpya ya krenki, nipake grisi? Na nikaze kiasi gani? (Msomaji, Arusha)

Paka kwenye hesi na chini ya kichwa cha boliti. Kuhusu ncha ya ekseli yenye pembe nne, inayoingia kwenye krenki, mafundi hawajaafikiana, nami huiacha safi na kavu. Kaza kati ya nyutoni-mita 35 na 40, ambazo kwa spana ya sentimita 20 ni kama kuning'iniza mzigo wa kilo 18 hadi 20 kwenye ncha yake. Baada ya safari ya kwanza, jaribu tena kama bado imekaza, kwa kuwa krenki ya alumini hujikalia kwenye ekseli, na boliti iliyoachwa ikilegea huruhusu pembe nne za tundu kupanuka, nazo zikishapanuka hakuna boliti itakayozishika tena.