Unapoanza kutengeneza polima za kunyonya mtetemo: tazama upana wa kilima kabla ya urefu wake

Sampuli yangu ya kwanza niliyojivunia ilikuwa na tan delta, yaani kipimo cha uwezo wa kunyonya mtetemo, iliyopita 1. Kwenye grafu ya tan delta dhidi ya halijoto kilima chake kilisimama kama mnara, nikaizungusha ile karatasi maabara nzima. Kisha tukaibandika ndani ya bati la kifuniko cha jenereta. Injini ikiwa bado baridi, bati lilinyamaza. Nusu saa baadaye bati likapata moto, likaanza kulia kama vile hatukubandika kitu.

Ninyi mnaoanza, ningependa mlielewe hili kabla hamjapima gramu ya kwanza. Tan delta ni uwiano: nguvu inayopotea kama joto kwa nguvu inayohifadhiwa na kurudishwa. Polima, yaani nyenzo ya minyororo mirefu ya molekuli kama plastiki na mpira, huipoteza nguvu hiyo vizuri pale inapovuka kutoka ugumu wa kioo kwenda ulaini wa mpira, yaani karibu na halijoto tunayoiita Tg. Chini ya hapo minyororo yake imeganda. Juu sana ya hapo inasogea kwa wepesi na kurudisha karibu kila ulichoipa. Katikati inasogea kwa taabu, na taabu hiyo ndiyo inayokula mtetemo. Tatizo ni kwamba kwa polima moja eneo hilo lina upana wa nyuzi 20 hadi 30 za Selsiasi tu. Mpira wa asili, ambao wengi hudhani utafaa kwa kila kitu, una Tg ya karibu nyuzi -70. Kwenye joto la chumba umeshapita mbali, ndiyo maana ni springi nzuri na mnyonyaji hafifu.

Hapa ndipo mitandao ya polima iliyofumana inapoingia. Fikiria nyavu mbili za wavuvi zilizoingiliana: hakuna fundo linaloziunganisha, lakini huwezi kuuvuta mmoja bila mwingine kuja. Jina la kitaalamu la nyenzo hizi lilitolewa na John Millar mwaka 1960, na baadaye mtafiti Sperling wa Chuo Kikuu cha Lehigh, Marekani, alizichunguza kwa miaka mingi kwa ajili ya kazi hii hii ya mtetemo. Lengo tunalofuata ni tan delta ya zaidi ya 0.3 kwa upana wa nyuzi 60 au zaidi.

Upana huo hauji kwa kuchanganya tu. Polima mbili zikipatana kabisa, unapata kilima kimoja chembamba. Zikikataana kabisa, unapata vilima viwili na bonde katikati, na bonde hilo huenda likaangukia kwenye joto ambalo mashine yako inafanyia kazi. Unachotaka ni kupatana nusu: sehemu hapa ina polima ya kwanza zaidi, pale ina ya pili zaidi, na kila sehemu ina Tg yake iliyo tofauti kidogo. Ukitengeneza mitandao kwa zamu, kaza vifungo vinavyounganisha minyororo ya mtandao wa kwanza, na maeneo ya wa pili yatakuwa madogo. Ukiitengeneza kwa pamoja, mchanganyiko ugande mapema kabla polima hazijapata nafasi ya kutengana. Itazame sampuli kwenye mwanga: ikiwa nyeupe kama tui, mara nyingi zimetengana sana.

Unyevu utakusumbua kuliko hesabu. Kama unatumia poliyurethani, polima inayotokana na isosianeti na polioli, isosianeti hukutana na maji na kutoa gesi ya kaboni dioksidi. Kwenye hewa ya pwani kama ya Dar es Salaam, polioli iliyoachwa wazi itakupa sampuli yenye matundu kama mkate wa kumimina. Ikaushe kwa joto ndani ya vakyumu kwanza. Na isosianeti inaumiza mapafu: mtu akishapata mzio wake, hata kiasi kidogo humbana kifua. Fanyia kazi ndani ya kabati la maabara linalofyonza mvuke, kila mara, hata kwa matone mawili. Akriliki, aina nyingine ya polima, nayo haipendi oksijeni inapoganda, uso wake hubaki ukinata. Mimina kati ya vioo viwili vilivyozibwa vizuri.

Wakati wa kupima, kumbuka sampuli hunywea inapopozwa na vibanio vya mashine ya kupimia hulegea. Kaza tena ukiwa kwenye baridi, la sivyo utaripoti kulegea kwa skrubu ukidhani ni tabia ya polima. Halafu kuna masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde (Hz). Sisi hupima kwa Hz 1, lakini injini ya mizunguko 3,000 kwa dakika hutetema kwa Hz 50. Kila masafa yanapozidishwa mara 10, kilima husogea kwenda joto la juu zaidi kwa nyuzi 3 hadi 7 hivi. Mimi sikuuhesabu msogeo huo.

Sampuli iliyokuja kuituliza ile jenereta ilikuwa na kilima kifupi, 0.5 hivi, kilicholala kutoka joto la asubuhi hadi joto la bati la mchana. Tuliifunika juu kwa bati jembamba la alumini ili polima ivutwe kimshazari, upande mmoja huku na mwingine kule, katikati ya mabati mawili badala ya kunyooshwa tu, na tabaka la milimita 1 likatosha.