Maswali ya Wasomaji: Jinsia na Milipuko ya Magonjwa

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii mkoani Kagera, ambako mwaka 2023 tulipambana na ugonjwa wa Marburg, unaofanana na Ebola. Katika semina moja tulielezwa kwamba mtafiti Clare Wenham, wa chuo cha London School of Economics, amejikita katika kuchunguza jinsia na milipuko ya magonjwa. Mwenzangu alipinga, akisema kirusi hakichagui mwanamume wala mwanamke, na kwamba tafiti za namna hiyo ni kupoteza muda huku watu wanakufa. Je, ana hoja?
Mhudumu wa Afya, Kagera

JIBU: Ndugu msomaji, kuhusu kirusi mwenzako amesema kweli. Lakini ni nani anayekutana nacho hutegemea kazi ambazo jamii imempa, na hapo ndipo utafiti huu unapoanzia. Machi 2020, Wenham pamoja na Julia Smith na Rosemary Morgan waliandika katika jarida la The Lancet wakizitaka serikali zipime athari za Uviko-19 kwa wanawake na kwa wanaume, na wakakumbusha yaliyotokea wakati wa Ebola ya Afrika Magharibi ya mwaka 2014 hadi 2016, iliyoua watu zaidi ya 11,000.

Wewe unayeingia majumbani unajua uuguzi wa nyumbani ulivyo. Mgonjwa hulishwa uji, hubadilishiwa shuka lililolowa matapishi, hufutwa jasho, na akifariki huoshwa kabla ya kuzikwa. Ebola huambukiza kwa majimaji ya mwili, na katika familia nyingi kazi hizo ni za mama, dada na shangazi. Katika mlipuko wa Kivu Kaskazini na Ituri, nchini Kongo, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, waliougua walikuwa 3,470, na wanawake walikuwa takribani asilimia 57.

Katika mlipuko huohuo chanjo ilikuwapo, lakini mwanzoni wajawazito na wanaonyonyesha hawakupewa, kwa kuwa usalama wake kwao ulikuwa haujathibitishwa, na zuio hilo lilikuja kuondolewa mwaka 2019. Naielewa tahadhari hiyo. Hata hivyo, ugonjwa wenyewe ni ule ambao mjamzito akiupata, karibu kila mara mtoto aliye tumboni hupotea, na kumwacha bila kinga mama aliyekwisha kumgusa mgonjwa ni uamuzi mzito ambao, kwa maoni yangu, ulistahili kujadiliwa mapema zaidi, wanawake wenyewe wakiwamo kikaoni.

Wenham amechunguza kwa kina zaidi ugonjwa wa Zika, uliolipuka Brazili mwaka 2015 na kusababisha baadhi ya watoto kuzaliwa wakiwa na vichwa vidogo kupita kawaida. Serikali kadhaa za Amerika ya Kusini na ya Kati ziliwashauri wanawake waahirishe kubeba mimba, na El Salvador ilitaka wasubiri hadi mwaka 2018, ilhali wengi hawakuwa na njia za uhakika za uzazi wa mpango wala kauli ya mwisho mbele ya waume zao. Waliagizwa pia wasugue na kufunika mapipa ya maji, kwa sababu mbu aina ya Aedes huzaliana humo. Maji hayo yaliwekwa akiba kwa kuwa bomba halikutoa kila siku, na hivyo kasoro ya huduma ya umma ikageuzwa kuwa kazi ya ziada ya mama wa nyumbani. Wakazi wa Dar es Salaam waliopitia homa ya dengi mwaka 2019, inayoenezwa na mbu huyohuyo, wanalijua vyema agizo hilo la mapipa.

Kwa kazi yako, anza na daftari: andika jinsia, umri, kazi ya mgonjwa, na kama ni mjamzito. Uliza ni nani aliyemuuguza kabla hajafika kituoni, maana huyo ndiye wa kufuatiliwa kwanza na kupewa glavu. Na kliniki ya wajawazito isifungwe ili watumishi wake wahamishiwe kwenye mlipuko, kwani Afrika Magharibi akina mama wengi waliacha kujifungulia vituoni, na wengine walifariki kwa matatizo ya uzazi yasiyohusiana na Ebola kabisa.

SWALI: Je, tafiti hizi hazimsahau mwanamume?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Hazipaswi kumsahau, na zikifanywa vizuri hazimsahau. Marburg ilipolipuka Durba, kaskazini-mashariki mwa Kongo, mwaka 1998, wengi wa waliougua mwanzoni walikuwa vijana wa kiume waliochimba dhahabu katika machimbo yenye popo, ambao hubeba kirusi hicho. Katika Uviko-19 nako, nchi nyingi zilizotenganisha takwimu za vifo kwa jinsia zilikuta wanaume wanafariki zaidi, jambo linalohusishwa na maumbile yao na pia mazoea kama uvutaji wa sigara. Nchi ambazo hazikutenganisha takwimu hizo hazikuwa na namna ya kujua ni wanaume gani wa kuwawahi.