Kapla ya pampu ya grisi inapovuja, mtafute mkosaji kwanza

Opereta wa ekskaveta anapiga grisi pini ya baketi. Anasukuma mkono wa pampu mara kumi, grisi inachirizika pembeni ya nipeli (kichwa kidogo cha chuma cha kupitishia grisi), anahamia nipeli inayofuata. Kwenye fomu ya ukaguzi anaweka tiki. Ndani ya bushi, ile bomba ya chuma inayoizunguka pini, hakijaingia kitu, na pini inaendelea kusagana kavu na vumbi. Ikishaanza kulia au kucheza, bei ya matengenezo haina uhusiano wowote na bei ya kile kidude kidogo kilichokuwa kinavuja.

Kidude hicho ni kapla, kinachokaa mwisho wa paipu ya pampu na kuibana nipeli; wengine hukiita mdomo wa pampu. Ikivuja, wengi hukimbilia dukani kununua nyingine, na baada ya siku mbili mpya nayo inavuja. Sababu ni kwamba wakosaji wanaweza kuwa watatu: kapla yenyewe, kichwa cha nipeli kilicholika, au njia ya grisi iliyoziba ndani ya pini. Njia ikiziba grisi haina pa kwenda, presha inapanda, na itapenyeza popote palipo dhaifu, hata kama kapla ni nzima kabisa.

Kuwatenganisha hao watatu ni kazi ya dakika tano. Tafuta kipande cha chuma kinene, toboa tundu lisilotokea upande wa pili, kata thredi (meno ya skrubu), ufunge nipeli mpya. Kikae karakana siku zote, nipeli yake ikiwa imefunikwa. Kapla ikilalamikiwa, ibane kwenye nipeli hiyo, hakikisha imekaa wima, kisha sukuma taratibu mpaka mkono wa pampu uwe mgumu. Ikishikilia bila kutoa grisi mdomoni, kapla haina kosa. Ikivuja hapo, kosa ni lake. Rudi sasa kwenye mtambo na kapla uliyokwisha kuithibitisha. Kama inavuja na mkono wa pampu ni mwepesi, badilisha nipeli. Kama mkono ni mgumu kama umegonga ukuta, njia imeziba. Nipeli iliyolika hata jicho huiona ukiiweka kando ya mpya: bega lake limekuwa mviringo, au lina mikwaruzo ya taya.

Ukijua kapla inavyofanya kazi, mambo mengi hujieleza. Ndani yake mna taya tatu au nne za chuma kigumu, nyuma yake sili (kizibo cha kuzuia kuvuja) yenye tundu katikati, na nyuma ya sili mna kigololi kinachozuia grisi isirudi. Presha inapopanda inasukuma sili ikandamize kichwa cha nipeli, na papo hapo inazidi kuzibana taya. Ndiyo maana kapla nzima hushika zaidi kadiri unavyosukuma. Ndiyo maana pia hukataa kutoka: kuna presha iliyobaki. Usiivute moja kwa moja kwa nguvu, maana hapo ndipo taya zinapolika na nipeli kukatika shingo. Ilaze upande, sili iachie, grisi kidogo itoke, kisha ivue. Wakati wa kupiga grisi fanya kinyume chake: kapla na nipeli zinyooke pamoja. Mwinamo mdogo huvumilika. Ukizidi, upande mmoja wa sili haugusi, na hakuna kapla duniani itakayoziba hapo.

Kuhusu kununua. Kosa la kwanza dukani, iwe Gerezani Dar es Salaam au Kirinyaga Road Nairobi, ni kuomba "kapla ya nipeli ya M10". Nipeli za kawaida zina kichwa kimoja, kipenyo cha karibu mm 6.5, ziwe na thredi ya M6, M8, M10 au ya inchi 1/8. Taya hushika kichwa, kwa hiyo thredi ya nipeli haikuhusu. Thredi unayopaswa kuijua ni ya paipu ya pampu yako, na hapo pana mtego. Zipo tatu zinazofanana mno: M10x1 (ya milimita), BSP ya inchi 1/8 (ya Kiingereza) na NPT ya inchi 1/8 (ya Kimarekani). Zote zina unene wa takriban mm 10. BSP ina meno 28 kwa inchi, NPT ina 27, M10x1 ina jino moja kila mm 1. Ukichanganya, kapla itaingia mizunguko miwili mitatu, ikwame, na fundi atasema "imekaza". Haijakaza. Meno yamepandana, na chini ya presha itavuja au itaruka. Nenda na paipu dukani, funga kapla kwa vidole tu. Isipoingia mizunguko minne au mitano kwa ulaini, siyo yake. BSP na NPT zilizochongoka hupakwa gundi ya thredi, ukiacha meno mawili ya mwanzo makavu. Tepu nyeupe ya mabomba tunaikataa hapa: vipande vyake huingia ndani na kukikwamisha kigololi kikiwa wazi. M10x1 ya paipu kwa kawaida haijachongoka, kwa hiyo inazibwa na washa au bega lake.

Kwa mitambo mizito, kapla ya kwanza kununua ni ile yenye kikwezo, yaani kimkono kidogo cha kufunga na kufungua kwa kidole. Nipeli nyingi za ekskaveta na loda ziko mahali ambapo mkono mmoja umeshika ngazi; kapla inayojishikilia yenyewe inakuachia mkono wa pampu. Taya zake huachia ukibonyeza kikwezo, hata presha ikiwepo, kwa hiyo geuza uso pembeni unapoifungua. Ubaya wake ni unene. Haitaingia kwenye nipeli iliyozama kwenye mfereji wa chuma, wala kwenye krosi (viungo vya kujikunja) za propela shafti ya tipa. Kwa sehemu hizo weka kapla ya pili, nyembamba au ya kona ya digrii 90. Ile ya ncha kama sindano si mbadala. Inafaa kwa vishimo visivyo na kichwa cha kushika, na haihimili presha ya pini iliyokauka.

Mitambo mikubwa zaidi, hasa ya migodini, huwa na nipeli zenye kichwa bapa kama kifungo, cha mm 16 au mm 22. Kapla yake huteleza kutoka ubavuni. Pima kwa vernia (kipimio cha kipenyo) kabla ya kuagiza.

Uangalizi wa kapla ni kitambaa, na hapa ndipo watu wanapozembea zaidi. Futa nipeli kabla ya kubana, maana udongo mwekundu ulioganda juu ya kigololi chake unasukumwa wote ndani ya bushi na grisi safi inaufuata nyuma. Futa mdomo wa kapla pia, kila nipeli, siyo mara moja asubuhi. Ukimaliza acha tone la grisi juu ya nipeli likae kama kofia. Pampu isilazwe chini mchangani. Itundikwe, na mdomo wake ukae kwenye nipeli iliyofunikwa au ndani ya mfuko.

Kapla ya kawaida ikilegea, kaza shingo yake robo mzunguko, ujaribu tena kwenye kile kipande cha chuma. Ikihitaji kukazwa kila wiki, taya zimekwisha. Ukiifungua kusafisha, panga sehemu zake juu ya kitambaa kwa mpangilio ulivyozitoa: taya, sili, springi, kigololi. Osha vyuma kwa dizeli, sili uifute tu, kwani petroli huivimbisha. Angalia ukingo wa tundu la sili. Ukiona umepasuka au umechongwa upande mmoja, badilisha. Ukiifunga kwenye paipu tumia spana mbili, moja ishike paipu isijisokote.

Paipu nayo ichunguzwe, na hapa hatuna utani. Pampu ya mkono inaweza kufikisha presha ya psi 10,000, na paipu nyingi za kawaida zimeandikwa kiwango cha chini ya hapo. Paipu iliyopasuka nyuzi au kuvimba itupwe leo. Usiishike kwa kiganja karibu na kapla wakati unasukuma. Grisi inayochomoka kwenye tundu dogo hupenya ngozi. Alama yake ni kama ya sindano, na mwanzoni inaweza isiume. Aliyepatwa aende hospitali saa hiyohiyo, amwambie daktari kwamba ni grisi iliyoingia kwa presha kubwa, kwa sababu huhitaji upasuaji wa haraka. Kusubiri mpaka kesho kumewagharimu watu vidole.

Turudi kwa mkosaji wa tatu, njia iliyoziba. Shusha baketi na uliweke bumu (mkono mkubwa wa mtambo) katika mkao ambao uzito hauilalii ile pini. Mara nyingi grisi huanza kupita hapohapo. Isipopita, fungua nipeli, ibane kwenye kapla ikiwa nje ya pini, na usukume grisi bila kuishika kwa mkono. Ikitoka vizuri, nipeli ni nzima. Chokoa tundu kwa waya, jaza dizeli au mafuta ya kulegeza kutu, acha usiku kucha, rudishia nipeli na usukume taratibu. Kisha ondoa mikono na usimame mbali, mwenzako aichezeshe baketi kidogo, halafu usukume tena ikishatulia. Usichome pini kwa moto ili kulainisha grisi iliyoganda.

Utaratibu huo wa kufungua nipeli una sehemu moja ambayo haugusi: nipeli ya kukazia cheni za ekskaveta. Nyuma yake mna silinda iliyojaa grisi yenye presha kubwa sana muda wote, hata mtambo ukiwa umezimwa. Kapla ikivuja pale, badilisha kapla, safisha kichwa cha nipeli, lakini usiifungue nipeli. Grisi ya cheni hupunguzwa kwa kulegeza vali yake polepole, isizidi mzunguko mmoja, ukiwa umesimama pembeni, uso na mwili mbali na usawa wa vali. Grisi ikikataa kutoka, acha kulegeza na umwite fundi wa mtambo huo.