Muulize Fundi: Rangi au breki?

Shikamoo fundi. Mzee ameniachia Land Rover 109, pikapu ya 1974. Nina milioni tatu. Nianze na rangi na rimu, au niweke injini ya Toyota?
Msomaji, Kibosho, Moshi

Marahaba, kijana. Rangi subiri. Bodi ni ya alumini. Kinachooza ni chasisi ya chuma. Ingia uvunguni na nyundo, gonga nyuma zinaposhikia springi. Ikilia kavu, sawa. Ikibonyea, mwite fundi wa kuchomelea.

Halafu breki. Ni za dramu magurudumu yote manne, nawe unateremka Kibosho na mikungu ya ndizi! Badilisha masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki), mipira na paipu za mafuta hayo.

Injini ya Toyota itameza hela yote, na bado giaboksi itadai adapta, yaani kipande cha kuiunganisha na injini hiyo. Rimu tutaongea ukishauza kahawa.