Kisu kipya cha kukunja hakifunguki bila plaizi

SWALI: Fundi, shikamoo. Kaka yangu karudi kutoka Muscat na kuniletea zawadi ya kisu cha kukunja. Mpini ni wa mbao, hakina kufuli wala skrubu, kimefungwa kwa ribiti za shaba, na chuma chake si stenlesi. Tatizo ni ugumu. Kucha mbili zimeshavunjika, sasa nakifungua kwa plaizi na watu wananicheka. Nalima machungwa Muheza, kwa hiyo kisu hiki ni cha kazi ya kila siku. Rafiki mmoja kasema nikilaze kwenye mafuta ya taa usiku kucha, wa pili kasema nigonge ribiti kwa nyundo, wa tatu kasema nikiache nusu wazi wiki nzima ili springi ichoke. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba. Plaizi iweke mbali leo hii. Meno yake yanachimba bapa, na siku ikiteleza unajua mwenyewe kidole kitaangukia wapi. Katika marafiki zako, wa mafuta ya taa kaukaribia ukweli, wa nyundo kataja dawa ambayo haanzi nayo mtu, na wa springi kakosea kabisa.

Kabla ya kumwagia chochote, jua kwanza ugumu uko wapi. Zungushia makali tepu ya umeme, kisha fungua na kufunga polepole mara nne, tano, akili yote ikiwa kwenye vidole. Kisu kisicho na kufuli mara nyingi kinashikiliwa na springi peke yake, ile fito ya chuma unayoiona mgongoni mwa mpini. Springi inakandamiza kisigino cha bapa, pale penye unene panapozunguka kwenye ribiti. Kisigino kile si duara. Kina pande zilizonyooka na pembe. Springi ikilala kwenye upande ulionyooka, kisu kinatulia. Ili kitoke hapo, lazima pembe iinyanyue springi, na nguvu hiyo inatoka kwenye kucha yako.

Kwa hiyo kama kizito mwanzoni tu, kisha kinakwenda vizuri na kumalizia kwa mlio wa “tak”, hiyo ni springi, na ndivyo ilivyokusudiwa. Nguvu hiyo ndiyo inayokizuia kisikufungie vidole. Utaipunguza kidogo, huwezi kuiondoa, na usitake kuiondoa. Lakini kama kinakokota njia nzima, kama bawaba zilizoingia mchanga, na “tak” haisikiki, hapo kuna uchafu, au ukavu, au ribiti iliyobanwa mno.

Mbao nayo ina lake. Chungulia mferejini, bapa linapolala. Ukiona bati la shaba au chuma kati ya mbao na bapa pande zote mbili, mbao haina hatia. Usipoliona, bapa linasuguana na mbao yenyewe, na mbao hunywa unyevu ikavimba. Visu vya Opinel vya Savoie, Ufaransa, vinajulikana sana kwa tabia hiyo: msimu wa unyevu vinabana, na wenyeji hugonga kitako cha mpini juu ya meza mpaka bapa lichomoze. Kisu kilichozoea hewa kavu ya dukani kikija kukaa mfukoni Muheza wakati wa masika, kubana si ajabu. Dawa yake ni kukilaza siku kadhaa mahali pakavu penye hewa, kivulini. Juani au karibu na jiko mpini utapasuka. Kikishakauka, paka nta ya nyuki ndani ya mfereji ili maji yasiingie tena. Ndiyo sababu pia sikuambii ukioshe kwa kukizamisha kwenye maji. Watengeneza visu wa Victorinox wanaelekeza visu vyao vikinata vioshwe kwa maji ya uvuguvugu huku ukifungua na kufunga, lakini wanazungumzia stenlesi. Chako ni mbao na chuma kinachoshika kutu.

Sasa usafi. Kisu kipya mara nyingi kinatoka na vumbi la jiwe la kusagia na dawa ya kung'arishia ndani ya kiungo, vimechanganyika na oili ya kuhifadhia mpaka vimekuwa uji. Hapo ndipo mafuta ya taa yana kazi, ila si ya kulaza usiku kucha, maana mbao itayanywa na chungwa lako litanuka taa hadi Idi. Matone manne kwenye kiungo yanatosha. Fungua na kufunga mara ishirini, utaona maji meusi yanatoka pembeni mwa bapa. Futa kwa kitambaa cheupe, rudia mpaka kitambaa kibaki cheupe. Pitisha mswaki mkavu mferejini, kisha kiache saa moja kikauke.

Baada ya hapo ndipo oili. Fungua kisu nusu, tone moja kila upande pale bapa linapoingia kwenye mpini, na tone la tatu springi inapokutana na kisigino. Tumia ncha ya kijiti cha meno, usimimine chupa. Oili ya cherehani inateleza vizuri sana, lakini kwa kuwa unamenyea matunda, mimi ningechukua parafini ya maji ya duka la dawa, ile isiyo na rangi wala harufu. (Ukiwa Kenya angalia unachoagiza: huko ukisema “parafini” unauziwa mafuta ya taa.) Mafuta ya kupikia usiyaguse. Ya alizeti yanakauka yakawa gundi baada ya wiki chache. Ya nazi yanaganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi: Tanga mjini kwenye joto hutaona kitu, nenda nacho milimani Lushoto usiku mmoja, asubuhi hakifunguki.

Halafu kazi inayohitaji subira tu. Tepu ikiwa bado kwenye makali, kaa barazani, fungua na ufunge mara mia mbili, kesho mara mia nyingine. Usitumie kucha. Kata kipande cha tyubu ya baiskeli, bana nacho bapa kwa kidole gumba na cha shahada, uvute. Mpira unashika chuma kuliko ngozi yako. Vidole viwe vikavu. Mimi nina kovu kwenye cha shahada, nililolipata kwa kufungua kisu cha mteja na oili mikononi, tena bila tepu, nikijiona fundi. Kila baada ya mara hamsini futa. Oili itatoka kijivu, hiyo ni mikwaruzo midogo ya kiwandani inayolainishana, pembe kwa springi. Weka tone jipya, endelea. Katika visu ninavyoletewa, vingi vinakubali hapo.

Kukiacha nusu wazi hakusaidii. Chuma cha springi kilichopikwa sawasawa hakichoki kwa kukaa kimepinda kidogo, kinakusubiri tu. Dawa ya meno, ambayo kuna atakayekutajia, inasaga kweli, lakini ikishaingia kwenye kiungo kuitoa ni shughuli. Na moto kabisa usithubutu. Bapa likigeuka buluu, limefika karibu nyuzi 300, ugumu wa makali umekwenda na kunoa hakuurudishi.

Juisi ya chungwa italifanya bapa kuwa jeusi. Weusi huo si kutu, uache. Lakini sukari yake ikiingia kwenye kiungo na kukauka, utaniandikia tena. Futa kila ukimaliza kumenya, kabla ya kukunja.

Ukifanya yote hayo wiki mbili na bado kinakokota njia nzima, basi ribiti ilipigwa kupita kiasi, na hapo nyundo ya rafiki yako ndiyo inaingia, ila si kwa kuipiga ribiti kichwani juu ya jiwe. Hiyo inaibana zaidi. Fundi atakilaza kisu juu ya pande la chuma lenye tundu, ribiti iwe juu ya tundu, aigonge kwa kipigio chembamba mpaka isogee unywele mmoja, ageuze, ajaribu. Ikilegea mno, anairudisha kwa kuigonga ukingoni taratibu. Ni kazi ya robo saa, na mwambie akuache uangalie.